Sufuria ya Mtandao Jikoni: Tununue au Tuache?

Ndugu msomaji, naomba leo nikukaribishe jikoni kwangu, hapa Ngokolo mjini Shinyanga, nikusimulie habari ya sufuria moja iliyoniletea furaha, kisha fedheha, na mwishowe maarifa. Nimeona nisiifiche habari hii kwa sababu swali lililonisumbua mimi linasumbua, au karibu litasumbua, nyumba nyingi za wafanyakazi mijini. Swali lenyewe ni hili: je, vyombo hivi vipya vya jikoni, vinavyounganishwa na intaneti na kuamrishwa kwa simu, vinastahili fedha tunazozitolea jasho?

Mimi ni mwalimu mstaafu. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilifundisha Sayansi Kimu, na wasichana wengi wa mkoa huu walijifunza kupima unga na kuchemsha maji ya kunywa mbele ya macho yangu. Kwa hiyo sikudhani kwamba katika uzee wangu ingekuja sufuria ya kunifundisha adabu. Lakini wahenga hawakukosea waliposema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda.

Zawadi kutoka Geita

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kikohozi kilinishika, kikakataa kuniacha. Usiku nilikuwa nikikaa kitandani badala ya kulala. Daktari aliyenipima aliniuliza napikia nini. Nikamjibu kuwa napikia mkaa, kama nilivyofanya maisha yangu yote, na kuni mkaa ukiadimika. Akaniambia bila kuzunguka kwamba kifua changu kimechoka moshi, na kwamba dawa zitasaidia kidogo tu ikiwa kila jioni narudi kuuvuta.

Hili si jambo la kupuuza, wala si langu peke yangu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani viliwaua watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapa kwetu Tanzania, idadi inayotajwa mara nyingi na Serikali ni vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka. Ndiyo maana mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuona asilimia 80 ya Watanzania wakitumia nishati safi ifikapo mwaka 2034.

Sisi wa Shinyanga tunayo sababu nyingine ya kuuogopa mkaa. Miti ya nchi hii ilikatwa ili kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kupisha pamba, na iliyobaki ikaingia mekoni. Hali ilipofikia kutisha, mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, na wananchi wakahimizwa kurudisha ngitili za mababu, yaani maeneo ya malisho na miti yanayofungwa ili yapumzike. Kutoka hekta zipatazo 600 za mwanzo, ngitili zilifikia zaidi ya hekta laki 3 mradi ulipomalizika mwaka 2004. Upande wa Geita nako miti inavutwa pande mbili: wachimbaji wadogo wanaitaka kwa matimba ya kushikilia mashimo yao, na miji iliyokua haraka kwa sababu ya dhahabu inautaka mkaa. Kila gunia linaloshuka sokoni limetoka katika pori la mtu fulani.

Sasa, mwanangu wa pili ni fundi mitambo mgodini Geita. Alipopata habari za kifua changu hakusema maneno mengi. Mwezi Agosti 2025 alikuja likizo akipitia Mwanza, akisifu jinsi alivyovuka Busisi hadi Kigongo kwa dakika chache juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwezi Juni, mahali ambapo zamani alingoja kivuko. Mkononi alikuwa na boksi. "Shikamoo, Mama," akasema, "mkaa nimeufukuza nyumbani kwako."

Ndani ya boksi mlikuwa na sufuria ya umeme ya presha, ile ambayo watu huiita presha kuka, lakini hii ilikuwa ya daraja la juu. Ilikuwa na kioo kinachong'aa, na ilipokea amri kutoka kwenye simu. Mwanangu alieleza kwamba nitaweka maharage na maji asubuhi, nitaondoka zangu kwenda kanisani au sokoni, na popote nilipo nitabonyeza simu na sufuria itaanza kupika. Hata yeye akiwa Geita angeweza kuniwashia. Aliinunua kwa shilingi 420,000. Nilitokwa na machozi, msomaji, maana naijua fedha ile inavyopatikana, kwa zamu za usiku na vumbi la mwamba.

Sufuria yenye mwenyewe

Wiki aliyokuwapo nyumbani tulikula kama wafalme. Maharage yaliyokuwa yakinichukua saa tatu yaliiva kabla mjukuu wangu hajamaliza kazi zake za shule. Kikohozi kilipungua. Majirani walikuja kutazama, na mmoja akasema nyumba yangu imehamia Ulaya.

Kisha likizo ikaisha, mwanangu akarudi mgodini. Kesho yake niliweka maharage, nikachomeka waya ukutani, na sufuria ikawaka taa ya bluu, ikawa inapepesa, inapepesa, bila kupika. Mjukuu wangu, ambaye yuko kidato cha pili, akaichunguza na kuniambia, "Bibi, inatafuta waifai."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo hatukulifikiria. Vyombo vya namna hii vimetengenezwa kwa nyumba zenye mtandao wake, ulioingia kwa waya au kwa ruta na kukaa humo mchana na usiku. Nyumbani kwangu, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mji huu, mtandao ni ule uliomo ndani ya simu, unaonunuliwa kwa kifurushi. Wiki ile sufuria ilikuwa ikila mtandao wa simu ya mwanangu. Simu ilipoondoka kwenda Geita, sufuria ikabaki kiziwi. Na ukiifikiria vema utaona mzaha uliomo: hata kama ningeiunganisha na simu yangu mimi, siku nitakapotoka na simu mkononi kwenda sokoni ndiyo siku sufuria itakapopoteza mtandao. Ahadi ya kupika ukiwa mbali ingevunjika pale pale mlangoni.

Mjukuu alijaribu hata hivyo. Alipakua ile programu kwenye simu yangu na kuifuata hatua kwa hatua. Mwisho yakatokea maandishi ya Kiingereza, akanitafsiria: chombo hiki tayari kimesajiliwa kwa mtu mwingine. Naam, msomaji. Sufuria iliyo jikoni kwangu, inayokula umeme ninaoulipia mimi, ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa chini ya ardhi, zamu ya usiku, mahali ambapo simu haiingii.

Nilipompata kwa simu siku ya tatu alijaribu kunielekeza, lakini neno la siri alikuwa amelisahau, na la kurekebishia lilitumwa kwenye laini aliyokwisha kuipoteza. Niliona aibu kuendelea kumsumbua mtoto aliyetoka kazini amechoka. Nikaifunika sufuria kwa kitambaa, nikaenda kununua mkaa. Kwa majuma mawili nilipika kama zamani, na usiku nikarudi kukaa kitandani.

Nakuomba uyakumbuke majuma hayo mawili, kwa sababu ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika habari hii. Chombo kilichonunuliwa kuniondolea moshi kilinirudisha kwenye moshi, na hali umeme ulikuwapo, maharage yalikuwapo, na sufuria ilikuwa nzima.

"Mama, mbona jana hukupika?"

Mwezi Septemba mwanangu alirekebisha mambo. Alituma ruta ndogo inayotumia laini ya simu, akaweka kifurushi cha shilingi 15,000 kwa mwezi, na sufuria ikazinduka. Kwa muda nilidhani tumeshinda.

Siku moja akanipigia. Baada ya salamu akauliza, "Mama, mbona jana hukupika?"

Nikashtuka. Nikamwuliza amejuaje. Akasema programu humwonyesha saa ambazo sufuria imewaka na saa ilipozimwa. Jana yake nilikuwa msibani kwa jirani, nikala huko huko pamoja na wafiwa, kama desturi inavyotaka. Hapakuwa na siri yoyote. Hata hivyo nilihisi kama mtu aliyefunuliwa pazia. Katika mila zetu mtoto hapekui chungu cha mama yake. Atauliza kwa adabu kama ameshiba, basi.

Nisimwonee mwanangu. Najua aliuliza kwa mapenzi, na kwa muda fulani jambo lile lilimpa faraja: kila jioni akiona sufuria imewaka Shinyanga, alijua mama yake yu hai na anakula. Lakini nilimwambia, "Mwanangu, ukitaka kujua kama nimekula, nipigie simu uniulize. Mimi nitakujibu vizuri kuliko sufuria." Alicheka, akaahidi. Baada ya siku chache akarudi kutazama programu, maana ndiyo rahisi zaidi, na simu zake zikapungua. Hilo liliniuma kuliko lile la kwanza, ingawa sikumwambia.

Tena, msomaji, fikiri ni nani mwingine anayeiona orodha ile ya saa. Habari za sufuria yangu haziendi moja kwa moja kutoka Ngokolo hadi Geita. Zinapitia kwanza katika mitambo ya mtengenezaji, nchi za mbali, na humo zinatunzwa. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini sheria humsaidia zaidi mtu anayejua kuwa ametoa taarifa zake. Mimi nilidhani natoa maharage tu.

Siku mtandao ulipozimika

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, mtandao wa intaneti ulizimika nchini, ukabaki hivyo kwa siku kadhaa. Halikuwa tukio la kwanza la mtandao kutukatikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoathirika sana. Kwa hiyo mwenye kununua chombo cha mtandao na ahesabu kabisa kwamba siku kama hizo zipo na zitakuja nyingine.

Nyumbani kwangu umeme ulikuwa unawaka. Taa zilikuwa zinang'aa, redio inasema, na sufuria inapepesa taa yake ya bluu. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na mkaa sikuwa nao. Mjukuu wangu akachukua kile kijitabu cha maelezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo kama siafu, akaketi nacho pamoja na kamusi yake ya shule. Baada ya kitambo akanyanyua kichwa. "Bibi, imeandikwa hapa. Ukibonyeza hiki na hiki kwa pamoja ukashikilia, inapika bila simu."

Tulibonyeza. Sufuria ikalia mara moja, taa ya bluu ikazimika, nyekundu ikawaka. Baada ya muda mfupi mvuke ukaanza kufoka, na harufu ya maharage ikajaa nyumba. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena. Tangu Agosti sufuria ile ilikuwa na uwezo wa kupika kwa kidole cha mwanadamu. Sisi ndio tuliolazimishwa kuamini kuwa bila simu haiwezi.

Usiku ule ule mwanangu alipiga simu ya kawaida ya sauti. Alikuwa amekaa siku nzima haoni kitu kwenye programu, na moyo ulimwenda mbio. "Shikamoo, Mama. Umekula?" Nikamwambia nimekula maharage ya sufuria yake, na nikamweleza jinsi mjukuu alivyoyapika. Tuliongea karibu nusu saa, kwa mara ya kwanza tangu likizo.

Hesabu ya jikoni

Tangu siku hiyo ruta imekaa kabatini na kifurushi hakinunuliwi tena. Sufuria inapika kila siku kwa kidole. Sasa naweza kuvitenganisha vitu viwili ambavyo dukani vilifungwa katika boksi moja: sufuria, na mtandao wa sufuria.

Kuhusu sufuria, ushahidi wangu ni huu. Niliisoma mita kabla ya kupika nusu kilo ya maharage na baada ya kupika, na umeme uliotumika haukufika nusu ya uniti. Kwangu mimi shilingi 1,000 hunipatia uniti zipatazo 2.8, kwa hiyo maharage yale hayakunigharimu hata shilingi 180. Wale walio katika daraja la watumiaji wadogo, ambao shilingi 1,000 huwapatia uniti zipatazo 8.2, watalipa shilingi 60 hivi. Mkaa wa kuyaivisha maharage hayo hayo hununui kwa bei hiyo popote Shinyanga. Sababu yake ni ya kisayansi na nyepesi: mfuniko umefungwa barabara, mvuke hautoroki, maji yanachemka kwa joto lililozidi la kawaida, na kuta zake zimezibwa joto lisipotee. Hayo yote hayahitaji intaneti hata chembe.

Kuhusu mtandao, hesabu ni mbaya. Nilipoulizia madukani hapa mjini, sufuria ya ukubwa ule ule isiyo na mtandao ilikuwa ikiuzwa shilingi 150,000. Tofauti ni shilingi 270,000, fedha ambayo ingelipia umeme wa kupika maharage kila siku kwa zaidi ya miaka minne. Kile kifurushi cha shilingi 15,000 kwa mwezi peke yake kingetosha kupika sufuria 80. Na ile kazi ya kuwasha chombo mwenyewe akiwa mbali, sufuria ya bei nafuu nayo inayo kitufe cha saa: unaipangia asubuhi ianze saa 5, nayo inaanza saa 5, mtandao uwepo usiwepo. Kwa nyama au samaki, kwa kweli, namna zote mbili si salama, kwa maana kitoweo kibichi kikikaa saa nyingi katika joto letu la Shinyanga kitaharibika kabla ya kupikwa, hata kikiamrishwa kwa simu ya thamani gani.

Mtandao unaofaa

Lakini nisije nikaonekana mzee anayeuchukia mtandao. Upo mtandao wa jikoni ulionisaidia na unaowasaidia wengi.

Chukua LUKU, ambayo tunaitumia kila siku bila kuiita teknolojia. Unalipa kwa simu kiasi ulicho nacho, hata kiwe kidogo, unapokea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita kwa mkono wako. Mtandao unahitajika wakati wa kununua tu. Ukishaziingiza tarakimu, mita inakupa umeme wako hata kama minara yote ya simu imelala. Ni kweli kwamba mwezi Mei 2021 mfumo wa kununulia ulipata hitilafu kwa siku kadhaa na watu wengi wakataabika, lakini aliyekuwa na uniti ndani ya mita aliendelea kupika.

Chukua pia gesi ya mita. Dada yangu anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, hutumia mtungi uliofungwa mita ndogo inayowasiliana kwa mtandao wa simu. Kampuni ya KopaGas iliyoanzia hapa nchini ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jambo hili, na mwaka 2020 teknolojia yake ikanunuliwa na Circle Gas, ambayo huko Kenya huduma yake inajulikana kwa jina la M-Gas. Mwenye kipato cha siku kwa siku hawezi kutoa zaidi ya shilingi 20,000 kwa mara moja ili kujaza mtungi mdogo. Anaweza kutoa shilingi 1,000 jioni hii na nyingine kesho, kama anavyonunua mkaa kwa kopo. Mita inamfungulia gesi ya kiasi alicholipia, na muuzaji anajua mapema mtungi unapokaribia kwisha. Hapa mtandao unamwondolea maskini kikwazo halisi, yaani kukosa fedha nyingi kwa mkupuo. Hasara yake ni kwamba fedha ikiisha usiku chakula kikiwa motoni, mita hufunga, na dada yangu hujiwekea akiba kidogo kwa ajili hiyo.

Unaiona tofauti, msomaji? Katika LUKU na gesi ya mita mtandao umewekwa mahali palipokuwa na shida, kwenye malipo. Katika sufuria yangu uliwekwa mahali ambapo hapakuwa na shida yoyote, kwenye kitufe cha kuwashia.

Wenzetu nao wameumia

Wala usidhani ni sisi tu tusiojua kuvitumia. Nchini Marekani mwaka 2016 kampuni iitwayo Juicero ilitoa mashine ya kukamua juisi iliyounganishwa na intaneti, kwa dola 699. Mwaka uliofuata waandishi wa habari walionyesha kwamba vifuko vyake vya matunda vinakamulika kwa mikono mitupu, na kabla mwaka 2017 haujaisha kampuni ilikuwa imefungwa. Mwaka 2019 baadhi ya wenye oveni za mtandao zilizoitwa June waliamka na kukuta oveni zimejiwasha usiku na kupata moto mkali, nyumba imelala. Mwaka 2025 Samsung ilianza kuonyesha matangazo ya biashara kwenye vioo vya baadhi ya majokofu yake huko Marekani, majokofu ambayo watu walikwisha kuyalipia na kuyaweka jikoni mwao.

Kisa cha mwisho kinatufundisha kitu. Chombo cha kawaida ukishakinunua, muuzaji hawezi kukibadilisha. Chombo cha mtandao anaweza kukibadilisha kila siku akiwa kwake: kukiongezea mazuri, kukitia matangazo, kudai ada, au kuacha kukihudumia siku biashara yake itakapokufa. Umenunua bati na waya, na tabia ya chombo imebaki mikononi mwake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hata si ndugu.

Maswali ya kuuliza dukani

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, nakushauri umwulize muuza duka mambo manne, na usimwachie mpaka akujibu.

La kwanza, kikiwa hakina mtandao kabisa, chombo hiki kitafanya kazi yake? Mwambie akiwashe mbele yako bila simu. Akishindwa, kiache.

La pili, kinasajiliwa kwa nani? Kama ni zawadi kwa mzazi au kwa mke aliye mbali, kisajiliwe kwa simu ya yule atakayepika. Atakayepika ndiye mwenye chombo.

La tatu, kitanidai nini kila mwezi? Jumlisha kifurushi, ruta na ada ya programu kama ipo, kisha zidisha kwa miezi 12 kabla ya kusema ni rahisi.

La nne, kikiharibika nani atakitengeneza? Fundi wangu wa hapa mjini alinibadilishia mpira wa mfuniko kwa muda wa kunywa chai. Nilipomwuliza kuhusu kile kipande cha ndani kinachopokea mtandao alitikisa kichwa. "Hicho, Mwalimu," alisema, "kikifa tutakizika."

Ukiniuliza basi kama tununue au tuache, jibu langu ni hili. Sufuria ya umeme ya presha nunua, ukiweza, hata kwa kudunduliza, kwa ajili ya kifua chako na kwa ajili ya miti yetu. Usisubiri moshi ukuketishe kitandani kama ulivyoniketisha mimi. Mtandao wa kukusaidia kulipa kidogo kidogo upokee. Lakini mtandao wa kukushikia kitufe usiulipie hata senti, maana kidole unacho.

Nilimwandikia mwanangu barua kumweleza hesabu hizi zote, nikihofia atahisi kuwa nimeidharau zawadi yake. Alipiga simu Jumapili iliyofuata, akaniambia kwamba mafundi wenzake wawili walikuwa karibu kununua sufuria kama ile kwa mama zao, na sasa wamenunua zile za shilingi 150,000 na fedha iliyobaki wamewapelekea mkononi. Kisha akauliza kama nimekula. Bado hunipigia kila Jumapili jioni, na maharage yanapokuwa motoni humsogezea simu karibu na sufuria asikie mvuke unavyofoka.